Bambo

Hakimu hakuniuliza kama nataka.
Alisema Jumatano kumi na mbili, saa nane mchana,
chumba cha nyuma ya zahanati, Kibaigwa,
na kadi ya kugongwa muhuri kila nikitoka.
Nikikosa moja, nirudi mbele yake na begi la nguo.

Nilimchoma mume wangu kwa bambo,
hilohilo la kupimia mahindi sokoni:
unachoma gunia, unavuta, punje zinateremka kiganjani,
unajua kama kuna dumuzi.
Lesilwa alichelewa na hela ya mzigo.
Bega la kushoto.
Kilichoteremka hakikuwa mahindi.

Polisi walimcheka kwanza, ndipo wakampa PF3.
"Mwanamume mzima? Mkeo?"
Akatazama sakafu kama mwizi.

Chumbani tulikuwa saba, sita tuna kadi.
Wa saba, Sechelela, alikuja kwa miguu yake kutoka Pandambili,
hajashtakiwa, hajaitwa, hata jirani hajui.
Alisema tu, "Nampiga mume wangu. Nimechoka kumpiga."
Nikamwona mjinga.
Nani anajipeleka mwenyewe kwenye mizani
akijua gunia lake ni lumbesa?

Mshauri, binti wa Kirangi mwenye sauti ndogo,
alikuwa na bambo lake lisilo na chuma:
"Kabla mkono haujainuka, tumboni kulikuwa na nini?"
Nilimpa punje za juu, zile nzuri za kuuzia.
Pombe yake. Hela. Mama yake.
Wiki nane za juu tu,
na muhuri akagonga.

Sechelela alimwaga mpaka chini, vumbi na wadudu,
tukainua miguu.
Wiki ya sita hakuja.
Ya saba hakuja. Hana kadi, nani amfuate?
Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe,
kisha nikawa natazama mlango kila upepo ukiusukuma.
Nilitaka amri imshike na yeye.
Na mimi nilitaka nije siku moja bila amri,
nijue kama ningekuja.
Sitajua. Hilo nalo hakimu alilichukua.

Wiki ya tisa nikasema:
nilipochoma, nilisikia raha.
Hakuna aliyeinua miguu.

Kadi imejaa. Mihuri kumi na miwili ya bluu,
mmoja umekaa upande.
Karani amesema nimemaliza.

Jana usiku, ugali wa uwele, mlenda umeshapoa,
nikanyoosha mkono kufuata chumvi.
Bega la kushoto likapanda
peke yake, mwenyewe bado anatafuna.

Nikaurudisha mkono mapajani.
Nikasema, "Lesilwa, nachukua chumvi."

Akaisogeza.