Picha Juu ya Friza

Shangazi Ziyana aliinunua Matrah
kwa muuza fremu, riali nne na nusu,
akaipakata kwenye basi hadi Al-Hamra
kama abebaye trei ya mayai.

Picha ya kuchapa, wino mweusi tu:
jumba la Kizungu la nguzo sita,
paa la pembetatu, ziwa mbele, kilima nyuma,
na mti mmoja kushoto, umeinama kidogo
mithili ya mpambe aliyeshika pazia:
tazama, lakini usiingie.

Nimeitazama miaka kumi na minane.
Madirisha ni arobaini na moja. Moja liko wazi.
Kondoo tisa; wa kumi huenda ni jiwe.
Hakuna kivuli kilichokosea njia.
Kila kitu kimekaa mahali pake, sahani za wageni,
na hilo, nakiri, hunituliza
siku ambazo nje ni nyuzi arobaini na sita
na mitende imesimama kimya, vumbi hadi kwenye makuti.

Ukisogea karibu, inavunjika.
Majani si majani, ni mikwaruzo.
Maji ni mistari iliyolala, mmoja chini ya mwingine,
imeachana upana wa unywele.
Na mwanga ule juu ya ziwa, ninaoupenda,
haukuchorwa na mtu.
Ni karatasi tu, iliyoachwa.
Fundi yule alijua mahali pa kunyamaza.

Chini kulia, fremu inapokula ukingo,
yupo mtu mwenye mundu, mdogo kama punje ya mchele.
Mikwaruzo mitatu: mgongo, mkono, chuma.
Hakupewa uso.

Shemeji Nabhan, katibu wa zamu za falaji,
anayeijua nusu saa ya kila bustani,
nani kauza, nani karithi, nani huiba usiku,
alikuja kunywa kahawa, akaiona mara ya kwanza.
Hakusema nzuri. Hakusema mbaya.
Akaufuata ukingo wa ziwa kwa kidole, bila kugusa kioo.
"Yanaingilia wapi?"
"Nini?"
"Maji."
Tukatafuta sote. Hakuna mfereji, hakuna kizibo cha jiwe na matambara,
hakuna hata tope.
"Na zamu ni ya nani?"
Shangazi akammiminia. "Ya mwenye nyumba."
"Siku zote saba?"
"Zote saba."
Nabhan akakitikisa kikombe, ishara ya kutosha;
sijui kilichomtosha ni kahawa
au habari.

Shangazi tulimzika mwezi wa Safari.
Picha ipo palepale. Unyevu umeingia kwenye kona ya anga,
doa la rangi ya chai, nami nalihesabu kuwa wingu,
wingu pekee mle ndani
linaloelekea kuleta mvua.

Friza ikiunguruma, ukuta hutetemeka,
fremu hulala upande.
Nabhan akifika, salamu hazijaisha,
huinyoosha kwa vidole viwili, taratibu.
"Yatamwagika," husema,
kisha hutazama sakafu.