Mrehani Mlangoni

Nyumba ya shemeji Zahran, kule Khoudh, ina mrehani mlangoni,
umepandwa ndani ya debe la samli lililokatwa mdomo.
Ukiingia unaugusa kwa bega,
ukitoka unanukia harusi.

Alituwekea hati mezani kabla hata ya kahawa:
karatasi ndani ya nailoni, nailoni ndani ya bahasha,
bahasha ndani ya kitambaa cha marehemu mama yake.
"Tazameni. Haina doa."
Na kweli haikuwa na doa.
Nilisoma muhuri, nikasoma namba ya kiwanja,
mita mia sita, kaskazini barabara, mashariki jirani,
nikaigeuza nyuma kama anayekagua kanga dukani,
na mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Maana kwetu kumkagua ndugu ni kumtukana kwa adabu.
Bi Shinuna, mkewe, alikuwa anakata halua.
Kisu kilisimama.

Mimi baba yangu alikuwa na duka Mutrah,
aliandika hata mkopo wa kiberiti.
Mali bila daftari, alikuwa akisema,
na hamalizi, kwa kuwa kilichobaki tunakijua.
Basi nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari:
"Twende tu wizarani, shemeji, tukaulize.
Karatasi hukaa sandukuni,
haijui yaliyopita nje."

Jumatatu tukakaa kwenye viti vya chuma,
namba yetu mia moja na kumi na nne,
kiyoyozi kinavuma kama kinagombana na mtu.
Zahran anavuta tasbihi, anapotea, anaanza tena.
Nikajua hapo.
Au nasema leo kwamba nilijua.

Dirishani binti, jina lake kifuani, Ghaniya,
akapiga namba, akangoja, akapiga tena.
Alikwisha kutusikia tukinong'ona Kiswahili,
akainamia kioo, akashusha sauti,
akatusitiri kwa lugha ya bibi yake wa Pemba:
"Dada, hii bado imo rehani."

Alitaka watu wasisikie.
Lakini neno lenyewe la Kiarabu,
Kiswahili kililikopa zamani na hakijalilipa;
foleni nzima ikageuka, kofia na vilemba.

"Nililipa," akasema Zahran. "Mwaka juzi nililipa."
Labda alilipa. Labda benki ilipokea
na hakuna aliyekwenda kuomba ifutwe,
maana deni likiisha mtu hurudi kwake kulala,
hakumbuki kuwa jina lake bado li macho
ndani ya mashine, ubavuni mwa jina la benki.
Ghaniya alisema inatakiwa barua.
Barua hakuwa nayo.
Akatoa bahasha, akatoa nailoni, akaitazama hati
kama mtu anavyomtazama mwanawe
aliyemwaibisha mbele ya wageni.

Sikushangilia. Nataka lijulikane hilo.
Nilikuwa nimeokoa riali elfu arobaini
na uso ukaniwaka kwa haya,
yangu au yake, sijui;
tulikuwa tumekaa bega kwa bega.

Njiani tulizungumza bei ya mbuzi.
Getini kwake akashuka, hakutukaribisha.
Tulikwisha geuza gari aliporudi anakimbia,
mzee yule, kanzu kaishika mkononi,
na kifungu cha mrehani ndani ya gazeti.
"Mpelekeeni mama," akasema, "autie nyweleni."

Wiki ya pili sasa. Barua haijaja.
Fedha ziko pale zilipo, mume wangu hasemi,
na Bi Shinuna hapokei simu zangu.
Mama hakuutia nyweleni. Ulikaukia juu ya jokofu,
na kila nikifungua mlango kuchukua maji
unanukia,
bure.