Sindano Butu

Kifurushi kilifika siku ya kumi na tisa ya eda,
kutoka Leeds, kwa mpwa wangu Nuhaila,
kimezungushiwa gundi utadhani kina dhahabu.
Ndani: turubai la vitundu lililochapwa picha,
sufu za rangi kumi na moja,
sindano moja, butu,
na karatasi isemayo: Anzia katikati.

Katikati ya nini?

Mimi ni mshona kofia. Miaka thelathini
nimezungusha uzi kwenye tundu lisilofika punje ya mtama.
Sindano isiyochoma nilikuwa sijaiona.
Niliijaribu kidoleni, haikutoa damu.
Haya, nikasema, wewe ndiye wangu kwa sasa.

Picha yenyewe nyumba ya paa jekundu,
mti uliopukutika, na theluji,
theluji mpaka ukingoni.
"Nitapita Kuze na mfuko huu," nilimwambia Shekue,
"watu waseme sufi imepasuka."
Mwanangu alicheka. Kisha akakumbuka, akanyamaza,
nami nikamwambia: cheka, baba, kucheka hakuna eda.

Bi Ghanima wa ghorofani alikuja kutoa pole mara ya tatu,
akaona mapajani mwangu, akashika kidevu.
"Mjane na uzi mwekundu!"
Mama mkwe alikuwa akichambua mchele.
Hakuinua uso.
"Hakuuvaa. Aushika tu.
Nawe ukishuka, shuka pole pole, ngazi zateleza."

Twahir aliacha duka la ukubwa wa kabati, Mwembe Tayari,
kodi ya miezi miwili,
kioo chake cha jicho, kile alichokibana kwa nyusi,
na mkebe wa biskuti wenye saa za watu.
Shekue alitangaza msikitini, wengi wakaja kuchukua.
Zikabaki saba.
Kila usiku baada ya isha nilizitia ufunguo,
si kwamba nazijua,
ila chumba kilikuwa kimya mno.

Na kile kioo nilikibana mimi.
Vitundu vikawa madirisha.

Katika paa, mstari wa tisa ukihesabu kutoka juu,
kuna mishono ishirini na minane iliyolalia kushoto,
na wenzake wote wamelala kulia.
Siku hiyo mtu alibisha. Nilimsikia kwa ndani:
"Nimekuja kwa fundi, nilikuwa safarini."
Shekue akamwambia.
Sikusikia kitu kwa muda. Kisha viatu, vikiondoka.
Hata saa yake hakuiulizia.
Mimi nilikuwa nashona tu, nashona,
safu nzima ikakosea kibla.

"Fumua, shangazi," alisema Nuhaila kwenye simu.
Sikufumua.

Sufu nyeupe iliisha kabla ya theluji.
Nuhaila akataka kutuma nyingine; nikamwambia posta ni mbali na mimi sitoki.
Nilichukua uzi wangu wa kofia, rangi ya tui.
Basi theluji yangu nusu ni ya Leeds,
nusu imekamuliwa jikoni.
Na bitana waliyoleta, hariri ya zambarau,
nimempa binti wa jirani akashonee mwanasesere.
Mimi nilikata kikoi cha Twahir, kile cha kulalia,
upande usiochakaa.

Miezi minne na siku kumi.
Niliogeshwa, nikafukizwa udi, nikavishwa.
Wanawake walikula, wakaushika mfuko, wakaupitisha mkono kwa mkono.
Hakuna aliyeuona mstari wa tisa.
Mama mkwe aliuona. Alipitisha kidole pale, akaurudisha kwangu.

Kulipokucha nilizipanga mfukoni, kila moja na kikaratasi:
jina, mtaa, na "imelipwa" kwa mwandiko wake.
Jua la nje lilikuwa kali kuliko nilivyoliacha.
Pale kituoni, kijana wa tuktuk, mkono wake mtupu,
aliniuliza: "Saa ngapi, mama?"
Nikafungua mfuko kidogo, nikasikiliza.
"Saba," nikasema.

Akatazama jua, akanitazama mimi.
"Asubuhi hii?"

"Saba, mwanangu. Nipeleke Majengo,
tuanze na ya kwanza."