Daftari la Mvua la Kashenyi

Mgeni alizima pikipiki mbele ya mzani wa kahawa,
saa mbili za matope na vumbi kutoka Bukavu,
akajipangusa uso, akauliza:
"Hapa kwenu kuna nini cha kutazama?"
Nilikuwa napeta maharage. Sikumjibu upesi.
Nilimletea kigoda, kasiksi kwenye kikombe cha bati,
na daftari la baba.

Baba yangu, Zihalirwa, alikuwa mpima mvua
wa shamba la kankina, enzi za Wabelgiji.
Kila alfajiri alikwenda nyuma ya ghala
kwenye chombo cha shaba,
akainama mpaka jicho likalingana na maji,
akaandika. Namba kwa wino;
pembeni, kwa penseli,
mambo ambayo mzungu hakuyauliza.

*Septemba, tarehe tisa: milimita nne. Udongo umenukia.*
*Novemba: thelathini na mbili. Daraja limekwenda, na mbuzi wa Nabintu juu yake.*
*Januari: sifuri, sifuri, sifuri. Maharage yamekauka vizuri.*
*Aprili: hamsini na moja, usiku mmoja. Kilima kimeshuka kulala kwenye mtama.*
*Julai: sifuri. Ukungu umejilaza bondeni
kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa.*

Mgeni akacheka, pale kwenye ng'ombe.
Nikamwambia: geuza.

*Mwaka wa uhuru: kumi na saba. Bwana ameondoka na funguo.*
*Mwaka tuliobadilishwa majina: ishirini.
Mwenye shamba mpya ameuza mashine ya kukaushia,
ameuza mabati, sasa anauliza bei ya chombo changu.*
Miezi miwili chombo kililala chini ya kitanda cha wazazi.
Nje, baba aliweka kopo la nyanya,
akalipima kwa heshima ileile.

Kisha kurasa kumi na nne hazina kitu.
Mgeni alizipitia moja moja, akidhani zimegandana.
Kwenye ya kumi na tano, penseli tupu, bila namba:
*Mvua ilinyesha. Hatukuwa nyumbani.*

Tuliporudi, chombo cha shaba hakikuwapo.
Wala mlango. Wala kaka yangu Cubaka.

Siku hizi napima mimi,
kwa kopo na rula ya shule ya binti yangu.
Septemba imekuwa mwongo: tarehe tisa inapita kimya,
inakuja mwisho wa mwezi na kumwaga yote mara moja,
kama mlevi anayelipa deni mbele za watu.
Wachoma matofali wameng'ata nusu ya kinamasi.
Nusu iliyobaki bado inatulisha:
viazi, lengalenga, kabeji za soko la Alhamisi
ambazo mama mmoja hubeba nne kwa mkupuo, akiimba.

Basi, ukitaka kutazama,
panda hadi kwenye mti wa mwisho wa kankina.
Una makovu mpaka juu ya kichwa changu;
kila nyumba yenye mtoto wa homa imewahi kumega gome lake.
Lionje. Uchungu wake hauishi hadi kesho.
Kisha geukia chini, jua likiinama:
mto unajikunja mara tatu kabla ya kuamua kwenda.
Sijui kama hicho ni kivutio.
Mimi hutazama.

Alifungua kinywa aulize neno lingine,
tone la kwanza likapiga turubai.
"Maharage!" nikapiga kelele.
Mgeni akatupa kikombe, akashika pembe mbili,
nikashika mbili, tukakimbia kinyumenyume kama kaa
mpaka ghalani, na Januari yote ikamwagika
nyuma yetu, isiyo na adabu.

Asubuhi, kwa wino: *kumi na tisa.*
Kwa penseli: *Mgeni mmoja, amelala kwenye magunia.
Kofia yake ya pikipiki ilibaki nje usiku kucha.
Nayo nimeipima.*