Ukurasa wa Ishirini na Tatu

Kitabu kina kurasa arubaini, mikono arubaini.
Kila mmoja kapewa sentensi yake
kama watoto wagawiwavyo nyama ya akika:
huyu paja, huyu ubavu, huyu mfupa wa kunyonya.
Mimi nimeangukiwa na hii:
*Siku ile mvua haikunyesha.*

Haya basi. Chora mvua isiyonyesha.

Mimi Mize binti Kombo, wa Konde,
nachora maharusi. Miguu, viganja,
hina na piko, maua yanayokaa wiki mbili
kisha huliwa na sabuni ya kufulia.
Sijapata kuchora kitu cha kubaki.

Kwanza nilichora jua, duara na miali yake.
Nikaona nimechora ganda la kiberiti.
Kisha wingu linapita, limenuna
kama wifi aliyealikwa dakika ya mwisho.
Bi Riziki akachungulia dirishani:
"Hilo godoro la nani?"
Nikalikunja, nikawashia moto wa chai.

Sijui aliyepewa ishirini na mbili.
Sijui wa ishirini na nne.
Labda mzee wa Makunduchi, labda mtoto wa skuli, Mkokotoni.
Kitabu kikifungwa
nitalala uso kwa uso na mmoja,
mgongo kwa mgongo na mwengine,
na salamu hatujapeana.

Usiku ndipo nikakumbuka.
Kwetu, msimu wa karafuu,
mvua haianzii mbinguni, huanzia miguuni.
Mtu mmoja akisema *linakuja!*
mtaa mzima mbio:
majamvi yakunjwe, karafuu zianuliwe,
makonyo yamwagike, mtoto aachwe na uji mdomoni,
na bibi asiyeweza kusimama
asimame.

Basi siku isiyonyesha
ni siku miguu imetulia.

Nikachora jamvi moja, limetandazwa
mpaka ukingoni mwa karatasi,
karafuu mojamoja, kwa ncha ya njiti,
nikahesabu mpaka mia nane nikaacha kuhesabu,
sikuacha kuchora.
Pembeni, kandambili. Moja imepinduka.
Mwenyewe hayupo.
Kalala ndani, mchana wote ule, mlango wazi.
Hilo tu.

Masharti yalikuwa yao:
karatasi isikunjwe,
jina nyuma, kwa penseli,
mwisho Ijumaa kabla ya saa kumi.
Nikakata boksi la sabuni, nikaibana katikati,
nikampa Shaame anayeshuka Mkoani kupanda boti.
Usiikalie, nikamwambia. Usiiweke chini ya tungule.
"Kwani yai hili, Bi Mize?"
Yai lina nafuu, mwanangu. Kuku atataga jengine.

Nilichomficha Shaame ni doa.
Karafuu nilizoziweka mezani nizitazame
zilikuwa mbichi, na mafuta yake hayana heshima.
Kona ya chini, rangi ya chai, upana wa kucha.
Nililiona mapema, nikasema Mungu atasitiri.

Jumatatu simu ikalia.
Msichana wa mjini Unguja, sauti ya adabu:
picha imefika, haikukunjika, wameipenda,
ila kuna kitu anataka kuuliza,
nisimwone mtovu wa adabu,
"lile doa la kahawia, Bi Mize,
tulifute, au ni sehemu ya picha?"

Nikanyamaza.
Miaka ishirini natia maua kwenye ngozi za watu
hakuna aliyeniuliza kipi kibaki.

Nje, sauti ya Bi Riziki:
*Linakuja! Jamani, linakuja!*
na miguu, miguu, miguu.

"Liacheni," nikasema. "Hilo ndilo lenye harufu."
Simu nikaitupa kitandani,
nikatoka peku.