Yatokanayo

Mimi karani. Kazi yangu kuandika, si kuwa na maoni.
Ofisi ya mtaa, Mtoni Mtongani, Jumanne,
feni imekufa tangu masika,
ajenda moja tu: je, kisima chetu kitadumu?

Dokta Basilisa Tluway alichovya kijiti chake,
akasoma tarakimu, akakunja uso.
Chumvi inapanda, alisema. Bahari inatembea
chini ya nyumba zenu. Haina haraka, haipigi hodi.
Nikaandika: bahari.

Mbilinyi, mhasibu, alilowesha kidole, akafunua daftari.
Mapato yamezidi matumizi, Luku imelipwa,
deni la pampu limebaki robo.
Kisima kina afya.
Nikaandika: afya,
na kalamu ikasita,
maana neno hilohilo muuguzi Sikujua alilishika kwingine:
watoto kumi na mmoja wa kuhara, wiki moja baada ya mvua,
wote wa bondeni.

Tukageuka kumtazama Pazi.
Pazi mpakuzi, yule mnayemwita chura,
mnayempa kiti cha mlangoni hata akivaa shati jeupe.
Anajua vyoo vya mtaa mzima kwa mwili wake:
hapa hadi goti, pale hadi kiuno.
Mwaka huu, alisema, kwa Kibwana nimeshuka,
maji ya ardhini yakanipokea
kabla sijafika nilipozoea.

Basi ikawa soko.
Huyu anapima kwa miligramu, huyu kwa shilingi,
huyu kwa chupa za dripu, huyu kwa kiuno,
na kila mmoja ana hakika,
na kila mmoja ana hakika peke yake.

Bi Siwema alikuwa anakusanya sahani.
Mnaulizana nini? alisema.
Maharage yangu yalikuwa yakiiva kwa mkaa wa elfu moja.
Tangu Maulidi yanakula wa elfu mbili
na bado yanagoma mdomoni. Sabuni haitoi povu.
Nilidhani muuzaji kanipa ya zamani,
nimegombana na mtu wa watu bure.

Dokta aliweka kikombe chini.
Maulidi ilikuwa lini?
Mbilinyi akarudi nyuma, risiti kwa risiti,
kidole kikasimama:
wiki ileile tulifunga pampu kubwa.
Akalisema polepole, kama anayejisomea hukumu.
Sikujua naye akafungua rejista, si ya watoto sasa,
ya wazee wa presha.
Pazi akapindua karatasi ya ajenda, akachora mashimo,
Dokta akapitisha mstari wa chumvi juu yake,
penseli ya mmoja ikikanyaga wino wa mwingine
hadi sikujua ramani ni ya nani.

Fomu ya wilaya ina safu tatu: Ardhi, Fedha, Afya.
Nikailaza ubavu,
nikapiga mistari miwili kwa ukingo wa kitambulisho changu.
Juu ya mmoja nikaandika: Mashimo.
Juu ya mwingine: Mkaa.

Kitadumu? Hakuna aliyesema ndiyo.
Walisema pampu ilale kuanzia magharibi,
shimo la kwa Kibwana lihamishwe.
Nani atalipa robo iliyobaki, Mbilinyi aliuliza,
na hilo nimeliandika lilivyo, bila jibu.

Yatokanayo:
kikao kijacho Pazi akae mezani.
Bi Siwema anadai sahani saba.