Hii, au Hii?

Miaka arobaini na mmoja Daktari Orest Hnatiuk
aliuliza swali moja tu mjini Velmar,
gizani, magoti yake yakikaribia ya mgonjwa:
"Hii, au hii?"
Lenzi inageuka, kat.
"Hii... au hii?"

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mbegu.
Harufu ya shayiri ilipenya ukutani,
na ile herufi kubwa ya juu kwenye chati
hakuna aliyeisoma. Waliijua kwa moyo.
Hata mzee Prokop, asiyeona mlango,
alisema "E" kabla hajaketi.

Mimi nilikaa mapokezi, mgeni wa kutoka Tabora,
nikijifunza kuandika Wasylenko, Thorvaldson, Desjarlais.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilimwambia siku ya kwanza,
nikamfasiria.
"Basi njoo mapema kesho," akasema,
"theluji imeziba mlango na koleo ni moja."

Wakati wa mavuno waliingia na makapi chini ya kope,
vumbi la kitani, cheche ya chuma cha kulehemu.
Aliwashika kidevu kama mtu ashikavyo yai,
akachokoa kwa sindano huku akiwauliza bei ya ngano,
wasije wakapepesa.
Wengine walilipa viazi.
Mmoja alileta bata mzinga, mzima, mwenye hasira,
akashinda nami mezani hadi saa kumi.

Bibi Thorvaldson, miaka themanini na mmoja,
aliniuliza ukungu wake tunauitaje kwetu.
Mtoto wa jicho, nikamwambia.
"Kwa umri huu!" akapiga kelele. "Na baba yake nani?"
Daktari ilibidi atoke nje apumue.
Alipasuliwa kule Regina. Aliporudi alilalamika
kwamba jiko lake ni chafu
na mumewe amezeeka bila kumwarifu.

Na Lucien, yule wa miaka saba,
ambaye mwalimu alimwita mzito:
alivaa miwani, akasogea dirishani, akanyamaza.
Kisha: "Nguzo zimefungwa kamba!"
Maisha yake yote alidhani nguzo za simu
zimesimama tu uwandani, kila moja na upweke wake.

Haya ndiyo watu wanayoyasimulia.
La Metro Wasylenko hawalisimulii.
Alikuja siku ya dhoruba, wa mwisho, barabara inafungwa.
Daktari akaangalia saa, akaangalia dirisha,
akampa miwani ya kusomea, akamwambia awahi nyumbani.
Presha ya macho haipigi hodi.
Inakula kingo kwanza, kama panya kwenye mkate,
na katikati pakiisha umechelewa.
Kila Ijumaa, miaka kumi na tisa,
Daktari aliendesha gari maili ishirini na mbili
kwenda kumsomea gazeti.
Nilimuuliza mara moja tu kwa nini.
"Sikuipima," akasema,
akaendelea kufuta lenzi iliyokwisha kutakata.

Hakuna aliyeinunua kliniki.
Vijana wanabaki Saskatoon, kwenye taa.
Mashine iliuzwa kwa bei ya trela kuukuu,
mafaili tukayachoma kwenye pipa, siku mbili,
na majina yote niliyoyajifunza herufi kwa herufi
yakapaa juu ya uwanda, meusi, mepesi.

Jumamosi iliyopita nilimkuta duka la vifaa.
Anataka kupaka ua wake rangi.
Binti wa kaunta, mjukuu wa Prokop,
alimwinulia kadi mbili, nyeupe na nyeupe.
"Hii, au hii?"

Akasimama. Akainamisha kichwa kushoto.
Foleni ilijikunja nyuma yake hadi kwenye misumari,
wala hakuna aliyekohoa,
kila mmoja wetu amewahi kukalia kiti kile.

"Samahani," akasema Daktari Hnatiuk,
"nionyeshe tena ya kwanza."